Aiskrimu ya mahindi matamu nyumbani: mayai, konflawa, maziwa mazito au tui la nazi?

Ziko njia nne za kutengeneza aiskrimu ya mahindi matamu nyumbani, na tunaanza na hukumu ili asiye na muda aende moja kwa moja jikoni. Njia ya konflawa, bila mayai, ndiyo inayotoa ladha ya mahindi iliyo wazi kuliko zote, na ndiyo tunayompendekezea mwenye mashine ya aiskrimu au mwenye subira ya kukoroga. Njia ya mayai huleta ulaini na uzito mdomoni, lakini kiini hufunika mahindi. Maziwa mazito ya kopo pamoja na krimu iliyopigwa yanamfaa asiye na mashine, akikubali utamu mwingi. Tui la nazi ni la asiyetumia maziwa ya ng'ombe, na la yeyote anayependa mahindi ya nazi na anajua ladha hizo mbili zinavyoelewana.

Tofauti zote hizo zinatokana na mahindi yenyewe. Embe likisagwa linaingia kwenye maziwa na kazi imekwisha. Punje ya hindi ina wanga unaogeuka uji ukipata moto, ina ganda ambalo blenda hailimalizi, na sehemu ya harufu yake imo kwenye gunzi ambalo wengi hulitupa. Mapishi mengi huchukua aiskrimu ya vanila na kutia mahindi juu yake, bila kupunguza kitu wala kubadili moto. Matokeo yake ni aiskrimu inayovutika, yenye chengachenga za maganda, au yenye rangi ya mahindi isiyo na ladha yake.

Mahindi gani?

Uamuzi huu una uzito kuliko ule wa mayai au konflawa.

Mahindi matamu mabichi yenye magunzi yake ndiyo chaguo la kwanza, mradi hayajakaa. Tangu hindi linapovunjwa shambani sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha kazi hiyo. Aina za zamani za mahindi matamu, zikiachwa kwenye joto la nyuzi 30, zinaweza kupoteza nusu ya sukari yake au zaidi kwa siku moja tu. Aina mpya zilizozalishwa kwa ajili ya sukari nyingi huvumilia siku kadhaa, hasa zikihifadhiwa kwenye friji. Kwa hiyo pika siku uliyonunua, na usiyamenye mapema. Bana punje moja kwa kucha: ukitoka utomvu mweupe wa maziwa, hindi liko tayari. Ukitoka maji matupu, bado ni changa na ladha haijajaa. Ukikuta unga mzito, wakati wake umepita.

Mahindi matamu yaliyogandishwa ni chaguo la pili, na mara nyingi hulishinda hindi bichi lililokaa siku tatu kwenye rafu ya duka, kwa sababu hutiwa maji ya moto kidogo na kugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa. Hasara yake ni kukosa gunzi. Fidia kwa kuongeza punje: badala ya gramu 450 tumia 550.

Ya kopo yanafaa pale ambapo hakuna kingine. Yamepikwa ndani ya kopo kwa moto mkali, kwa hiyo yana harufu ya mahindi yaliyochemshwa sana, na mara nyingi yametiwa chumvi. Yachuje, yasuuze kwa maji baridi, pima uzito wa punje bila maji yake, na usitie chumvi kwenye mapishi kabla ya kuonja. Kuna pia kopo la mahindi ya rojo. Hilo kwa kawaida limeshatiwa wanga na sukari kiwandani. Ukilitumia, acha konflawa kabisa na punguza sukari kwa gramu 40.

Sasa mahindi mabichi ya kawaida, yaleyale ya kuchoma barabarani. Watu wengi huambiwa hayafai, na si kweli. Nchini Brazil aiskrimu ya mahindi mabichi ni ladha ya kawaida kabisa, na mahindi yake ni ya jamii ileile inayotumika kwa pamonha na curau, vyakula vinavyoshikana kwa wanga wa mahindi yenyewe. Kinachotakiwa ni kubadili hesabu. Chagua yenye utomvu wa maziwa, tumia gramu 250 za punje badala ya 450, ongeza sukari hadi gramu 180, na usitie konflawa hata kijiko. Saga punje zikiwa mbichi pamoja na maziwa, chuja, ndipo upike. Ukizipika kabla ya kuzisaga, wanga unaivia ndani ya punje na blenda inakupa gundi. Onyo moja: mahindi haya tunayashauri kwa njia ya konflawa tu, yaani ile isiyo na mayai. Kwenye njia ya mayai yanakuwa mazito mno, na kwenye krimu iliyopigwa yanaacha ladha ya unga.

Maziwa ya mahindi: hatua inayotangulia zote

Hatua hii ni ya mahindi matamu, mabichi au yaliyogandishwa, na njia zote nne huanza nayo, ila ya nazi hutumia tui badala ya maziwa.

Chukua mahindi 4 ya wastani. Yatatoa kati ya gramu 400 na 500 za punje. Simamisha hindi ndani ya bakuli pana na ushushe kisu, ukikata punje bila kuchimba gunzi, maana sehemu ngumu ya chini ya punje huongeza makapi. Kisha geuza kisu na ukwangue gunzi kwa mgongo wake. Rojo linalotoka hapo ndilo lenye ladha kali kuliko punje. Kata kila gunzi vipande vitatu.

Tia punje, rojo na magunzi kwenye sufuria pamoja na mililita 500 za maziwa yenye mafuta yote na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pasha kwa moto wa wastani hadi viputo vianze kutokea ukingoni. Zima, funika, acha saa 1. Usizidishe saa 2, kwa kuwa maziwa ya vuguvugu ni mahali pazuri pa kuzaliana vijidudu.

Toa magunzi, yakamue kwa mkono. Saga punje na maziwa kwa dakika 2 kamili. Kama bado ni ya moto, jaza blenda nusu tu na ushikilie kifuniko kwa kitambaa, mvuke una nguvu ya kukirusha. Chuja kwa chujio la matundu madogo ukisukuma kwa mgongo wa upawa hadi yabaki makapi makavu. Makapi hayo ni maganda ya punje. Hayaivi na hayasagiki, na yakiganda yanakwaruza ulimi, kwa hiyo usiyaonee huruma. Yatie kwenye chapati za maji au kitumbua.

Pima ulichopata. Kinatakiwa kifike mililita 700. Kikipungua, jaziliza maziwa. Hayo ndiyo maziwa ya mahindi, na kuanzia hapa njia zinaachana.

Mayai dhidi ya konflawa

Huu ndio ushindani wa kweli, kwa sababu njia zote mbili hutumia mashine, hutumia muda karibu sawa, na hutoa aiskrimu halisi ya kuchota. Vipimo vyake ni hivi.

Ya mayai: mililita 700 za maziwa ya mahindi, mililita 250 za krimu yenye mafuta asilimia 35, gramu 150 za sukari, viini 5.

Ya konflawa: mililita 700 za maziwa ya mahindi, mililita 250 za krimu hiyohiyo, gramu 150 za sukari, gramu 40 za maziwa ya unga, gramu 12 za konflawa (kijiko kikubwa kimoja na nusu, kilichosawazishwa). Konflawa ni ule wanga mweupe laini wa pakiti, si sembe wala dona.

Kwa njia ya mayai, piga viini na sukari hadi vipauke. Pasha maziwa ya mahindi na krimu hadi yafuke mvuke, mimina kidogokidogo juu ya viini huku ukikoroga, kisha rudisha yote sufuriani kwa moto mdogo. Koroga bila kusimama hadi kipimajoto kisome nyuzi 82, na usivuke 85.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe halionekani. Kwenye aiskrimu ya vanila, mpishi huangalia mwiko: mchanganyiko ukiupaka mgongo wa mwiko na kidole kikaacha mstari, mayai yameiva. Kwenye aiskrimu ya mahindi alama hiyo inadanganya. Wanga wa mahindi huanza kuvimba kwenye nyuzi 62 hadi 72, kwa hiyo mchanganyiko hupaka mwiko mapema, wakati mayai bado hayajafika. Mpishi anauondoa jikoni akiridhika. Kiini kibichi kina kimeng'enya kinachovunja wanga, na kisipouawa na joto kinaendelea kufanya kazi usiku kucha ndani ya friji. Asubuhi anakuta mchanganyiko umekuwa mwepesi, na aiskrimu yake itakuwa na fuwele kubwa za barafu. Ukitengeneza ya mayai, nunua kipimajoto. Bila hicho, chagua konflawa.

Kwa njia ya konflawa, changanya konflawa na maziwa ya unga kwenye bakuli kwa mililita 100 za maziwa ya mahindi yaliyopoa, hadi pasiwe na bonge. Chemsha yaliyobaki pamoja na krimu na sukari. Yakianza kutokota, mimina mchanganyiko wa konflawa huku ukikoroga, na uache uchemke dakika 2 kamili. Dakika hizo 2 ni za lazima: konflawa isiyochemka huacha ladha ya unga mbichi na haishiki maji yake vizuri. Hapa hakuna hofu ya kukatika, wala hakuna haja ya kipimajoto. Kitu kinachoharibu ni kuungua chini ya sufuria, basi tumia sufuria nzito na mwiko bapa unaofagia kona zote.

Ukizionja bega kwa bega, tofauti ni kubwa. Ya mayai ni laini, inayeyuka polepole, na mafuta yake hufika karibu asilimia 11. Lakini kinachotangulia ulimini ni kiini, mahindi yanafuata nyuma. Ya konflawa ina mafuta karibu asilimia 9, mdomoni ni safi, na mahindi yanafika mara moja, pamoja na ile harufu ya maziwa ya hindi bichi. Kwa upande wa rangi, ya mayai inashinda: hata mahindi meupe yatatoa aiskrimu ya manjano. Ya konflawa huwa na weupe wa siagi. Ukitaka rangi, ncha ya kisu ya bizari ya manjano inatosha kwa mchanganyiko wote; ikizidi hapo utakula manjano.

Udhaifu wa konflawa uko mahali pawili. Ukizidisha, hata kwa kijiko kimoja kikubwa, aiskrimu inavutika na kupaka kaakaa kama uji uliopoa. Na haivumilii kukaa: baada ya wiki mbili hivi kwenye friza wanga huanza kuachia maji, na ulaini unapungua. Ya mayai hustahimili zaidi. Kwa hiyo ukipika kwa ajili ya sherehe ya kesho, au kwa familia itakayoimaliza ndani ya wiki, konflawa. Ukipika akiba ya mwezi, mayai.

Gharama nayo ina neno lake. Viini 5 huacha ute wa mayai 5 ambao lazima uutafutie kazi, wakati kijiko na nusu cha konflawa si gharama ya kuhesabu. Kwa anayeuza kwa vikombe, ute huo ni hesabu ya kila siku.

Njia zote mbili, baada ya kupikwa, zipozwe haraka. Weka sufuria ndani ya beseni la maji yenye barafu, koroga hadi ipoe, chuja tena, funika, tia kwenye friji yenye nyuzi 4 kwa saa 4 angalau. Usiku mzima ni bora. Mapumziko hayo huyapa mafuta nafasi ya kuganda na wanga nafasi ya kunywa maji, na aiskrimu itakayotoka ina hewa ndogondogo zilizosambaa vizuri. Ukiimwaga kwenye mashine ikiwa bado ya vuguvugu, mashine inazunguka nusu saa bila kugandisha chochote cha maana.

Maziwa mazito na krimu iliyopigwa

Njia hii haina mashine wala kupika mchanganyiko mzima. Hewa inaingizwa kwa kupiga krimu, na sukari nyingi ya maziwa mazito huzuia barafu isigande kuwa jiwe. Adui yake ni maji, na mahindi yamejaa maji. Ndiyo maana maziwa ya mahindi hayamwagwi hivihivi. Yarudishe jikoni kwenye sufuria pana, yapike kwa moto mdogo ukikoroga hadi mililita 700 zipungue zifike 250, ziwe rojo linaloacha mstari chini ya sufuria. Inachukua dakika 30 hadi 40. Poza hadi liwe baridi la friji.

Piga mililita 400 za krimu baridi yenye mafuta asilimia 35 hadi isimame kidogo, ncha yake ikikunjama unapoinua kipigio. Jikoni kwenye joto la pwani, weka bakuli na vyuma vya kupigia kwenye friza dakika 20 kabla. Changanya rojo la mahindi na gramu 300 za maziwa mazito yenye sukari. Usitie kopo zima la gramu 395 au 397, utamu utaua mahindi. Kunja mchanganyiko ndani ya krimu kwa mwiko, kwa mafungu matatu, bila kupiga. Tia kwenye chombo, funika kwa plastiki iliyogusa uso wa aiskrimu, gandisha saa 8.

Makosa yake ni machache na yanajirudia. Rojo la vuguvugu linaporomosha krimu, na hewa ikitoka hairudi. Krimu ya kupikia yenye mafuta asilimia 15 au 20 haitasimama hata ukipiga hadi jioni. Ile krimu ya mimea ya kupambia keki husimama bila shida, lakini kwa kawaida imeshatiwa sukari, na mafuta yake hubaki yamepaka kaakaa. Ukiitumia punguza maziwa mazito hadi gramu 200.

Mafuta ya njia hii hufika karibu asilimia 19. Ni laini tangu ikitoka kwenye friza, watoto huipenda, na inafaa kwa keki ya aiskrimu. Ladha ya mahindi iko, ila imekaa nyuma ya maziwa yaliyopikwa kwa sukari.

Tui la nazi

Mahindi na nazi si wageni kwa kila mmoja. Pwani ya Afrika Mashariki mahindi ya nazi ni chakula cha siku zote, na huko Thailand na Malaysia aiskrimu ya nazi na punje za mahindi ni ndugu wawili wanaouzwa kwenye chombo kimoja.

Tumia mililita 800 za tui zito. Makopo mawili ya mililita 400 yanatosha. Kwa nazi mbichi, zikune nazi kubwa 3 na uzikamue kwa maji kidogo ya vuguvugu, tui la kwanza pekee. Loweka punje na magunzi kwenye mililita 500 za tui kwa utaratibu uleule wa maziwa, ila moto uwe mdogo zaidi na usiache kukoroga, kwani tui likichemka peke yake hukatika. Saga, chuja, ongeza mililita 300 zilizobaki, gramu 120 za sukari, gramu 40 za glukosi ya unga na gramu 15 za konflawa iliyokorogwa kwenye maji kidogo. Rudisha jikoni, koroga hadi iwe nzito, iache itokote dakika 1. Konflawa ndiyo inayozuia tui lisikatike hapa, basi usiiache.

Mafuta ya nazi huganda kwenye joto la nyuzi 24 hivi. Ukiacha mchanganyiko usiku kucha kwenye friji utakuta tabaka gumu juu. Lirudishe kwenye blenda kwa sekunde 30 kabla ya kumwaga kwenye mashine. Na mashine isizunguke kupita kiasi: mafuta ya nazi hukusanyika yakawa chembe za nta. Ikishafanana na maziwa ya mgando mazito, simamisha.

Aiskrimu hii hutoka kwenye friza ikiwa ngumu kuliko nyingine zote. Ipe dakika 15 mezani. Hapa nazi na mahindi viko sawasawa, na iliki kidogo, punje 4 zilizotwangwa na kulowekwa pamoja na magunzi, inaketi vizuri. Kwenye njia nyingine tatu hatuishauri.

| | Konflawa | Mayai | Maziwa mazito | Tui la nazi |
|---|---|---|---|---|
| Ladha ya mahindi | wazi kabisa | ya pili baada ya kiini | nyuma ya utamu | sawa na nazi |
| Mafuta | karibu 9% | karibu 11% | karibu 19% | karibu 12%, kutegemea tui |
| Kipimajoto | si lazima | lazima | si lazima | si lazima |
| Mashine | inahitajika, au kukoroga kwa mkono | inahitajika, au kukoroga kwa mkono | haihitajiki | inahitajika |
| Kukaa kwenye friza | wiki 1 hadi 2 | mwezi 1 | wiki 3 | wiki 2 |
| Kosa la kawaida | konflawa kuzidi | kuondolewa jikoni mapema | rojo lenye maji | tui kukatika |

Kugandisha

Mashine ya bakuli la kugandisha ni ya bei nafuu na inatosha. Bakuli likae saa 24 kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri; ukilitikisa usisikie maji ndani. Usijaze zaidi ya theluthi mbili, na dakika 20 hadi 30 zinatosha. Mashine yenye kompresa haihitaji kusubiri bakuli, na inampa faida anayetengeneza mara mbili kwa siku. Kwa mwingine ni pesa nyingi zilizokaa kabatini.

Ndoo ya barafu na chumvi bado ni njia nzuri, na haitegemei friza kali. Kwa lita 1 ya mchanganyiko andaa kilo 3 za barafu iliyopondwa na kilo 1 ya chumvi ya mawe, ukipanga tabaka kwa tabaka kuzunguka chombo cha chuma chenye kifuniko kinachobana. Chumvi hulazimisha barafu iyeyuke kwenye baridi iliyo chini sana ya sifuri, na kuyeyuka huko ndiko kunakovuta joto kutoka kwenye mchanganyiko wako. Zungusha chombo na ukwangue kuta zake kila dakika 3. Futa kifuniko kabla ya kukifungua, tone moja la maji ya chumvi linasikika kwenye bakuli zima.

Kwa friza peke yake, ya konflawa inavumilia kuliko ya mayai kwa sababu wanga hushika maji yake. Usifuate ule ushauri wa kukoroga kwa uma kila nusu saa. Unachosha na fuwele bado zinabaki. Mimina mchanganyiko uliopumzika kwenye trei za barafu, ugande kabisa, kisha saga vipande hivyo kwenye mashine yenye visu vikali hadi viwe laini, na rudisha kwenye friza saa 2. Ya tui la nazi haipendi njia hii, mafuta yake hugeuka chembe.

Kama aiskrimu yako huwa ngumu mno, tatizo mara nyingi liko kwenye sukari. Badilisha gramu 30 za sukari kwa gramu 30 za glukosi ya unga isiyo na ladha. Glukosi hushusha kiwango cha kuganda karibu mara mbili ya sukari ya kawaida kwa uzito uleule, na utamu wake ni mdogo. Asali inalainisha vilevile, lakini huleta harufu yake na kuyafukuza mahindi. Vanila nayo isizidi robo kijiko cha chai, au iachwe.

Punje nzima, jibini, na umeme ukikatika

Punje nzima zilizotiwa hivihivi huganda zikawa changarawe. Zitie sukari kwanza: gramu 100 za punje, gramu 100 za sukari na mililita 100 za maji, zichemke taratibu dakika 10, zipoe ndani ya shira yake, zichujwe, ziingie kwenye aiskrimu dakika ya mwisho ya mashine. Ufilipino, ambako mahindi na jibini huenda pamoja kwenye aiskrimu ya mikokoteni, jibini gumu la manjano hukwaruzwa ndani yake. Gramu 60 kwa lita zinatosha, na chumvi ya mapishi ipunguzwe nusu. Mexico huongeza mdalasini. Hindi lililochomwa kwa mkaa ni zuri, ila lisizidi robo ya punje zote, kwa kuwa moto umelikausha na moshi hutawala.

Hifadhi kwenye chombo kipana kisicho na kina kirefu, nyuma kabisa ya friza, mbali na mlango. Umeme ukikatika usifungue friza. Iliyojaa hushikilia baridi hadi siku mbili, iliyojaa nusu siku moja. Aiskrimu iliyolainika lakini bado ni baridi ya friji inaweza kurudishwa kwenye mashine na kugandishwa upya, na ya mayai ndiyo inayorudi vizuri zaidi. Iliyoyeyuka na kukaa zaidi ya saa 2 ikiwa na joto la chumba imwagwe, hata kama inanukia vizuri.